Santuri ya Baiskeli

Nianze na ukweli: ule wimbo haukuwa mzuri. Mpiga gitaa alikuwa na haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Maneno yalikuwa ya kuisifu baiskeli mpya, kengele yake, taa yake na kiti chake cha ngozi, na beti zote zilisema jambo lile lile, kwamba mwenye baiskeli hakosi mchumba. Ningeikuta santuri hiyo nyumbani kwa watu wengine, ningeiondoa kwenye gramafoni kabla haijafika katikati. Lakini katika kiitikio alikuwemo dada yangu, na kwa hiyo hakuna wimbo nilioupiga zaidi ya huo miaka ile ya hamsini.

Tulikaa Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alitoka kwetu magharibi akiwa kijana, akapata kazi ya kukagua breki za mabehewa. Gramafoni aliinunua kwa karani mmoja Mzungu wa mtaa wa Milimani aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa ya sanduku, rangi ya buluu, ya kuzungushwa kwa mkono. Mkono huo ulikuwa wangu. Dada alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na nguvu za kuzungusha na maoni ambayo hakuna aliyeniomba.

Maoni nilikuwa nayo tele. Karani alituachia santuri zake za Kizungu, za kuchezwa wawili wawili mmeshikana viuno, nami nikaona ni nyimbo za watu walioshiba: zinaanza vizuri, halafu zinazunguka pale pale mpaka usingizi. Kwaya za misheni niliziheshimu, ila waliimba polepole kana kwamba mbinguni hakuna anayewangoja. Nyimbo za pwani, zenye fidla na udi, zilinimaliza subira. Mwimbaji huanza kulalamika kwamba mapenzi yanamuumiza, na inabidi santuri igeuzwe kabla hajasema anaumia wapi. Magitaa ya Kongo niliyakubali tangu siku ya kwanza. Yale yalikuwa yanaongea, moja linauliza na jingine linajibu, hata maneno nisipoyaelewa. Filimbi za bati kutoka kusini nilizipenda pia. Baba alisema ni kelele za watoto watoro.

"Huyu mtoto ako na mdomo," mama alikuwa akiwaambia majirani. "Hiyo mdomo itamnyima bwana."

Mwomboko niliukataa hadharani. Majirani zetu wa upande wa pili walikuwa Wakikuyu, na Jumapili walipiga santuri zao za kinanda cha kuvuta na chuma cha kugongwa, tena na tena, huku wakicheza uani. Nikasema kinanda kile ni cha mtu asiyejua kunyamaza. Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari, wakaondolewa asubuhi moja na magodoro yao, na uani pakawa kimya. Nilizoea kuukasirikia ule muziki. Ulipokosekana ndipo nilipogundua kwamba niliujua wote, kila pumzi yake, na sikuwa na wa kumwambia.

Sasa dada. Kulikuja mtu na gari lenye mashine ya kunasa sauti, akapanga chumba nyuma ya duka mjini, na wapiga gitaa wa Nakuru nzima wakajaa mlangoni. Mmoja wao alifanya kazi na baba kwenye reli. Msichana aliyepaswa kumwitikia alikuwa amekauka sauti kwa mafua, basi mpiga gitaa huyo akaja mbio kwetu kumwomba baba amruhusu dada. Baba alikubali kwa sharti kwamba mimi niende naye, ili watu wasiseme. Nilikaa kwenye gunia la mchele, nikamwona dada akisimama mbele ya kile kidude cha chuma, mikono nyuma kama anayesoma shairi shuleni. Maneno yake yalikuwa machache: "Nipakie, twende." Alikuwa akiyasema kila baada ya ubeti. Wote walicheka, hata yule mwenye mashine, kwa sababu aliyaimba kwa huzuni, kana kwamba baiskeli ile inakwenda mbali sana.

Santuri ilipofika tuliipiga mpaka majirani wakafunga madirisha. Nilimwambia dada wazi kwamba wimbo ni mbovu ila yeye yumo ndani yake kama sukari kwenye chai mbaya. Alinipiga kofi la utani. Mwaka uliofuata aliolewa huko kwetu magharibi, na kabla hajamaliza mwaka kwa mumewe akafa akijifungua, yeye na mtoto. Habari ilitufikia akiwa amekwisha kuzikwa. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Alikuwa amepanga kupiga moja mjini na mtoto wake akija kututembelea.

Ikabaki santuri.

Kwetu msiba haufungwi mapema. Watu wanakuja kutoa pole miezi mingi baadaye, kila mmoja kwa siku aliyopata nafasi, na aliyechelewa hasemwi. Walitoka Naivasha, Molo, Kisumu, wakashuka kwenye treni na moja kwa moja wakaja kwetu. Mama aliwakaribisha, akawapa chai, akawaacha walie kidogo, kisha akaniangalia. Nilijua maana yake. Nilizungusha gramafoni, na mgeni akamsikia marehemu akisema "nipakie, twende." Wengine waliomba tena, na mama hakumnyima mtu. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema, na kweli mama alikuwa akipona kidogo kila alipoona uso mpya ukiisikia ile sauti kwa mara ya kwanza. Kwa muda ule mfupi ilikuwa kana kwamba amezaa upya.

Tatizo lilikuwa sindano. Kwenye kile kikopo cha sindano za chuma palichorwa maelekezo ya kutumia sindano moja kwa upande mmoja wa santuri, kisha itupwe. Sisi tulicheka. Nani hutupa chuma? Baba, mtu wa breki, alijua chuma kikichakaa hunolewa. Basi alizinoa sindano kwenye jiwe lile lile la visu vya jikoni, akizigeuza kwa vidole vyake vinene, akiilamba ncha kuipima. Zilitoka kali na zenye kona, na tukajisifu kwamba nyumba yetu haijui kuishiwa sindano. Hatukujua kwamba tulikuwa tunaipiga plau ile santuri.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la Mau Narok. Alishuka kwetu mara kwa mara na gunia la viazi, na ndani ya mfuko wa koti kiberiti kilichojaa miiba ya mgunga. Kule juu wao hawakuwa na sindano. Waliikata miiba, wakaikausha, wakaitumia kwenye gramafoni yao kusikiliza yule Mmarekani anayepiga yowe kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Huyo naye nilimwona mshamba, lakini mjomba alimpenda kuliko kwaya.

"Shemeji, jaribu mwiba," alimwambia baba. "Mwiba haiumizi santuri. Zetu ziko kama mpya."

Baba alijaribu mara moja. Sauti ilitoka ndogo, laini, ya mtu anayesimulia siri.

"Hii inanong'ona," baba alisema, akautoa. "Shemeji, mimi ni mtu wa reli. Siwezi cheza muziki na mwiba kama mchunga mbuzi. Watu wametoka mbali, lazima wasikie mtoto wangu vizuri."

 Mjomba alikiacha kiberiti juu ya kabati, na kila aliposhuka aliuliza kama tumekitumia, na kila mara mama alimwongezea chai badala ya jibu.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu masikio yangu yalikuwa hayana adabu. Kiitikio cha kwanza kikaanza kutoa mchanga. Halafu cha pili. Gitaa lilibaki, lile gitaa la haraka lisilo na maana, lakini pale dada alipoingia palisikika kitu kama mahindi yanayokaangwa. Wageni waliendelea kuja, sasa wachache, wakaendelea kutikisa kichwa na kufuta macho. "Tumemsikia," walimwambia mama. Hawakuwa wamemsikia. Walikuwa na adabu. Nilitamani kuwatimua wote, na gitaa lao, na baiskeli yao, na chai waliyokunywa. Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko sababu yake, maana aliyezungusha gramafoni ni mimi na aliyenoa sindano ni baba, na wote wawili tulikuwa tukimpenda.

Jumapili moja baada ya kanisa mama alinikalisha. Baba alikuwa kazini. Alinitaka niipige, akasikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, mkono kwenye shavu.

"Hawa wengine wananifurahisha tu," alisema. "Wewe hujui kudanganya kwa mambo ya nyimbo. Niambie. Bado ako ndani?"

Nimewaambia watu maoni yangu juu ya kila wimbo niliousikia. Nilimwambia mchungaji kwamba kwaya yake inaburuta miguu. Nilimwambia mchumba wangu wa kwanza kwamba sauti yake ni ya mtu anayeuza mkaa, akaenda zake na mama akakumbuka utabiri wake. Lakini siku ile nilitazama viatu vya mama vya kanisani, ambavyo alikuwa bado hajavivua, nikasema, "Ako, mama. Namsikia."

Alishusha pumzi. "Basi tumwache. Tusimmalize."

Aliifunga santuri kwa leso, akaiweka chini kabisa ya sanduku lake la nguo. Baada ya hapo wageni walipewa chai na mazungumzo tu. Sikuusikia tena wimbo wa baiskeli, wala hakuna aliyeutaja, na niliona kwamba nimefanya vizuri. Mama alifanya kazi zake akiwa mwepesi zaidi. Wakati mwingine, akichambua mboga, alisema bila kuniangalia, "Tunaye," na mimi nilijibu, "Tunaye."

Mama naye hakukaa sana. Mvua za masika za miaka miwili baadaye alishikwa na kifua, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Tulimzika kwetu magharibi, tukarudi Nakuru mimi na baba, nyumba ikiwa na mwangwi. Mjomba alishuka kutoka Mau Narok kukaa nasi siku chache. Mchana mmoja tulifungua sanduku la mama kugawa nguo zake kwa ndugu zake, kama ilivyo desturi, na chini kabisa tukaikuta leso.

Baba aliifungua mwenyewe. Alikaa na ile santuri magotini kwa muda mrefu. Nilijua tutakachosikia, nikamwambia ukweli niliomnyima mama: kwamba imekwisha, kwamba ilikuwa imekwisha kabla haijafungwa. Hakunigombeza. Alitazama juu ya kabati, mahali kiberiti kilipokaa miaka yote ile kikila vumbi.

"Weka mwiba," alisema.

Mjomba aliukata mwiba ncha kwa kisu chake, akaubana kwenye kichwa cha gramafoni. Nilizungusha. Gitaa likaanza mbio zake, dogo, kwa mbali. Ubeti wa kwanza ukapita na kengele yake. Nikakunja uso kungoja mchanga.

"Nipakie, twende."

Alikuwemo. Alikuwa mdogo na mwembamba, lakini alikuwemo, na huzuni yake ile iliyowachekesha watu nyuma ya duka. Mjomba alisema baadaye kwamba mwiba hutelemka mahali ambapo chuma chetu hakikufika. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba nilimwambia mama uongo, na uongo wenyewe ulikuwa kweli, na kiberiti kilikuwa juu ya kabati siku zote, umbali wa mkono wake alipokuwa akiwamiminia wageni chai. Ningemjibu kama nilivyowajibu wengine wote, nikasema simsikii, angelia, na pengine mjomba angeuleta mwiba wake mbele kwa mara nyingine, na pengine baba angekubali. Majuto ni mjukuu, nami nimemlea huyo mjukuu mpaka ameota mvi.

Kiitikio cha pili kilipoanza, baba aliinuka nusu kutoka kwenye kiti. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa kijana. Aligeukia mlango wa jikoni, akaita kwa sauti yake ya reli:

"Mama watoto! Kuja haraka, kuja usikie!"

Mjomba aliinamisha kichwa. Baba alibaki ameshika mgongo wa kiti, akiangalia jikoni, na dada akaimba tena, na gitaa likaendelea kukimbia. Sikuugusa mkono wa gramafoni mpaka wimbo ulipokwisha.