Radhia na Barua ya Kwenye Kompyuta

Asubuhi ile Radhia alikuwa anachuja asali kwa kitambaa, na mumewe, Mzee Mrisho, amemshikia ndoo. Hawakuongea sana. Kazi waliizoea. Ndiyo ilikuwa asubuhi yao ya mwisho ya kawaida; wiki ile ile homa ilimchukua Radhia, na Mrisho hajachuja asali tena.

Emiliana aliingia mbio. Ndiye katibu wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki wa Itigi. Radhia alikuwa mweka hazina. Jana yake Emiliana alikuwa Singida mjini, kwenye intaneti kafe, akakuta barua kwenye kompyuta, wakamchapishia.

"Shikamoo mama. Benki wanafunga akaunti yetu leo saa tisa! Wanataka namba ya kadi na namba ya siri, tuwajibu humo humo kwenye kompyuta."

"Marahaba. Nisomee."

"Mpendwa mteja..."

"Mteja nani?"

"Hawakutaja."

Radhia hakujua kusoma, wala mumewe hakujua. Aliweka kitambaa chini.

"Mtu akipiga hodi kwangu, yeye ndiye anajitaja. Huyu kapiga hodi, halafu mimi ndiye nijieleze? Na siri ya nyumba nimpe?"

"Mama, ni benki! Nembo yao hii hapa."

"Hata Baba Nasri huyu," Radhia alimwonyesha mumewe, "nikimvisha kofia ya polisi, hatakamata mtu."

Mrisho alicheka mpaka ndoo ikacheza.

Walipanda basi wote watatu, wakaulize benki yenyewe. Kufika stendi ya Singida, saa nane ilishapita. Emiliana akavutia upande wa kafe, ajibu barua kabla ya saa tisa. Fedha ya kwenye akaunti ilikuwa ya mashine ya kukamulia asali, akina mama wameichangia miaka mitatu.

"Ikipotea watasema ni mimi," alisema, machozi yanamlenga.

Radhia alimshika mkono, akaenda naye benki. Hakukimbia, wala hakusimama.

Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yao ilipofika, karani alisoma karatasi, akatikisa kichwa, akainama dirishani.

"Mama, hii haikutoka kwetu," alinong'ona. "Benki haimuulizi mtu namba ya siri. Hao ni matapeli. Akaunti yenu iko salama."

Emiliana alikaa pale pale sakafuni. Radhia hakubanduka dirishani. Mrisho anayashika maneno yake mpaka leo, hivyo hivyo alivyoyasema:

"Sasa mbona unaninong'oneza, mwanangu? Sema kwa sauti. Hawa walio nyuma yangu nao wana chao humu ndani."