Mwongozo Mrefu wa Basi la Turiani

Mpaka leo sijaufupisha, na sitaufupisha.

Ilikuwa miaka ambayo soko huria lilikuwa limeshatuletea kompyuta za mitumba hadi mitaa ya uani ya Morogoro. Nilikuwa nimerudi kutoka kuzurura, nashinda kwenye kafe ya intaneti. Huko nikajiunga na jukwaa la Watanzania wanaocheza mchezo wa kuendesha mabasi. Wenye ujuzi walitengeneza modi, yaani faili za nyongeza: ukiziweka, basi la Ulaya linageuka basi la kwetu, rangi za kwetu, vumbi na yote. Maelekezo yao yalikuwa mstari mmoja: "Fungua faili, weka kwenye folda ya mchezo kama kawaida."

Kama kawaida ya nani?

Niliuliza hivyo kwa sababu ya fundi mmoja wa kiwanda cha sukari, mkazi wa Turiani, mkubwa wangu kwa miaka mingi. Zamani alikuwa dereva wa basi. Mgongo ukamshinda, akahamia karakana. Alitaka kitu kimoja tu, aendeshe tena basi la rangi aliyoizoea. Kompyuta alikuwa nayo, mchezo pia, ila nyumbani hakukuwa na intaneti. Kila alichohitaji alikifuata mjini na kukibeba kwenye flashi.

Safari ya kwanza alibeba modi. Nyumbani faili likagoma, maana lilikuwa limebanwa ili liwe dogo, na kompyuta yake haikuwa na programu ya kulifungua. Safari ya pili aliifuata hiyo programu. Akanakili ile picha ndogo yenye mshale kwenye kioo cha kompyuta ya kafe, akaondoka amefurahi. Picha ile ni njia ya mkato tu. Programu yenyewe ilibaki mjini.

Nikalieleza jukwaa. Msimamizi akajibu, "Mkuu, mtu wa hivyo aachane na kompyuta, acheze bao."

Fundi alikuwa amekaa pembeni yangu, akaisoma. "Hata bao sijui," akasema. Kisha akaongeza, "Mdogo wangu, nikishindwa tena, kompyuta nairudisha kwenye boksi. Kazini wameshaanza kuiita luninga ya mapambo."

Nikaenda naye Turiani, safari hii programu yenyewe ikiwa kwenye flashi. Nilijiwekea sharti moja: simsaidii, hata kompyuta siigusi. Nilikaa nyuma yake na daftari, na kila alipokwama niliandika. Miwa ilikuwa inachomwa. Majivu meusi yaliingia dirishani na kutua kwenye kibodi, naye akawa anayapuliza.

"Hapa wewe ungefanyaje?"

"Mimi sipo, kaka."

"Upo. Nasikia unavyoguna."

Alipofika kwenye folda ya mchezo akataka kuifuta yote kwanza. Ndivyo alivyozoea karakanani: unatoa kifaa cha zamani, ndipo unafunga kipya. Nilimshika mkono, sharti likaishia hapo. Lakini nilijua nimepata hatua ambayo hakuna bingwa wa jukwaani angeiwaza. Nikaandika: "Usitoe chochote. Hapa hubadilishi injini, unapaka basi rangi."

Sikumruhusu aendelee; nilitaka amalize bila mimi, kwa maandishi tu. Nilirudi mjini, nikaandika mwongozo upya kuanzia kuwasha kompyuta, nikaufungasha pamoja na modi na programu ya kufungulia, vyote viingie kwenye flashi moja. Nikaubandika jukwaani. Msimamizi akaufuta: "Mrefu mno. Hapa si shule ya msingi." Nikaubandika tena, nikaongeza juu yake: "Huu ni wa mtu asiye na wa kumuuliza. Anayejua apite." Akaufuta.

Fundi alichukua flashi na nakala ya karatasi, akaondoka peke yake.

Wiki mbili baadaye aliingia kafe. "Shikamoo, kaka," nikasema. Aliitikia huku anavuta kiti, akaniagiza nimsajili jukwaani. Nikaubandika mwongozo kwa mara ya tatu, naye akaandika chini yake kwa kidole kimoja: "Nimefuata hatua zote peke yangu. Basi limetoka stendi, nimelifikisha. Mimi ndiye yule wa bao."

Kabla hatujamaliza soda, msimamizi alikuwa ameufuta mwongozo, na maneno ya fundi pia.

Fundi alikitazama kioo kitupu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Bandika," akasema. "Na usipunguze hata mstari. Leo sina haraka ya kurudi."