Siku Niliyoubariki Mpango Niliotumwa Kuukataa

Nitawaeleza, lakini msicheke kabla sijamaliza, maana hapa mtaani nishachekwa vya kutosha, mpaka watoto wa shule wakiniona wanapaza sauti "Amina!" halafu wanatimua mbio, na mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye cherehani yangu na heshima yangu. Tuseme nilikuwa na heshima yangu, mpaka asubuhi ile ya kikao cha maoni ya wananchi.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Huku kwetu Shika Adabu kuna kiwanja cha umma kando ya zahanati, na zahanati yenyewe ni ya chanjo na vikohozi tu, mama akishikwa na uchungu lazima apakiwe kwenye tuktuk apelekwe hospitali ya mbali, na njia yote ni mashimo (mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa humo humo kwenye tuktuk, dereva akataka mtoto apewe jina lake, tukakataa). Kwa hiyo sisi akina mama tulikuwa tunakiangalia kile kiwanja kwa jicho la wodi ya uzazi. Ghafla tukasikia kuna mpango wa kukifanya stendi ya magari, na kwamba kabla haujapitishwa tutaitwa ukumbini tutoe maoni. Tukakusanyika kwa jirani yangu Bi Mwanasha, mama mtu mzima ambaye mtaani hakuna anayembishia, tukachagua msemaji mmoja ili tusije tukachanganyana. Wakanichagua mimi, ati kwa sababu kanisani huwa naongoza maombi na siogopi kipaza sauti. Nilifurahi, sitawadanganya. Nikajishonea hata gauni.

Siku ya kikao nikafika mapema, ama nilidhani ni mapema, kumbe ukumbi ushajaa watu ambao wengine sijawahi kuwaona hapa mtaani tangu niolewe, wamevaa fulana mpya za rangi moja, na hao ndio waliokuwa wa kwanza kwenye orodha ya wasemaji. Karani akanipa nambari sitini na tatu. Kila msemaji dakika mbili, afisa wa serikali wa kuendesha kikao alifika saa nne na nusu, na saa sita ukumbi ulikuwa na harusi. Sikusoma sana lakini hesabu hiyo hata mimi niliiweza. Zamu yangu ingefika bibi harusi akiwa ameketi kwenye kiti cha afisa.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniponza. Shehe wa msikiti wa mtaani alikuwa amemaliza kusoma dua ya kufungua kikao, fupi na safi, afisa akauliza, "Na kwa upande wa Wakristo, kuna mama wa kutuombea?" Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nilijiambia, we, maombi hayana dakika mbili! Nani atathubutu kumkatiza mtu anayezungumza na Mungu? Afisa atafumba macho, atanyamaza, atanisikiliza habari ya wodi mpaka mwisho. (Ndiyo, nilitaka kumtumia Mungu. Nishatubu.)

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho nilipaswa kukikumbuka kabla sijashika kile kipaza sauti. Maombi ya kwetu yana njia yake. Huwezi kuanza kuomba hujashukuru, na huwezi kushukuru ukaacha kuwabariki viongozi, na ulimi wangu umeizoea njia hiyo kama mguu wangu ulivyoizoea pedeli ya cherehani, ukianza haungoji kuambiwa.

"Ee Bwana, tunakushukuru kwa viongozi wetu hawa."

"Amina!"

"Na mpango huu waliotuletea, Baba, uutie mkono wako, ukaufanikishe."

"Amina!" Wale wa fulana walipiga na makofi.

Nikaona nishawateka. Nikapanda sauti. "Na yeyote anayekwenda kinyume na mapenzi yako juu ya kiwanja kile, Bwana, mwaibishe mbele za watu!" Mimi nilikuwa namkusudia afisa.

"AMINA!" Mabati yakatikisika.

"Lakini Baba, wewe wawajua akina mama wanaojifungulia njia..."

"Na sote tuseme Amina!" afisa akadakia, wakasema Amina, wakaketi, viti vikapiga kelele, na mimi nimebaki nimesimama macho nimefumba, wodi yangu bado iko kooni.

Nilipofumbua nikamsikia afisa anamwambia karani, "Andika kwamba wananchi wameupokea mpango huu kwa maombi na kwa kauli moja."

Jasho likanitoka. Nikasema, "Mheshimiwa, samahani sana, yale yalikuwa maombi, hayakuwa maoni."

Akanitazama kwa upole, yule bwana, upole wa kuudhi. "Mama yangu, unataka kutuambia kwamba uliyomwambia Mungu hukuyamaanisha?"

Niambieni nyinyi, hapo mngejibu nini? Nikisema sikumaanisha, mchungaji wangu yuko mstari wa pili ananikodolea macho. Nikisema nilimaanisha, nimewapa stendi. Nikaanza kueleza, kwanza tunashukuru, halafu tunabariki, halafu ndipo tunaomba haja, na haja sikufika, na watu wanacheka, na jinsi wanavyocheka ndivyo ninavyozidi kueleza, mpaka afisa akatazama saa yake. "Dakika mbili zimekwisha, mama." Karani akakata nambari sitini na tatu. Nilikuwa nishazungumza!

Bi Mwanasha akasimama na bakora yake aokoe jahazi, akaambiwa jina lake halimo kwenye orodha. Kweli halikuwamo, si tulikubaliana msemaji ni mmoja. Akanigeukia mimi.

"Wallahi, mwanangu, tumekutuma ukatusemee, wewe ukaenda kutuuza kwa Amina tatu!"

"Bi Mwanasha, nisamehe, mimi nilidhani..."

"Hukudhani kitu. Ulitaka kusikika."

Hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Stendi ikapitishwa. Yakaja mabati ya kuzungushia kiwanja, na juu ya mabati bango kubwa, na kwenye bango, kumbe mtu alinipiga picha, ni mimi na gauni langu jipya, macho nimefumba, mkono juu, na maandishi: WANANCHI WAUBARIKI MRADI. Nikawa nazungukia nyuma ya msikiti kwenda dukani nisipite pale.

Lakini siku mke wa mwanangu, Mbeyu, aliposhikwa na uchungu wa mtoto wa pili, njia ya tuktuk ni ile ile moja, na mbele ya kiwanja lori la mchanga wa stendi lilikuwa linarudi kinyumenyume, tukasimama pale pale chini ya bango, jua la saa saba, Mbeyu ananivunja vidole. Uchungu ulipomwacha kidogo akainua macho.

"Mama, si ni wewe yule?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unaomba nini?"

"Nilikuwa nakuombea wewe."

Akalitazama bango, akanitazama mimi, uchungu ukarudi.

Alifika, alijifungua salama, namshukuru Mungu. Lakini jicho lile sijalisahau. Siku hizi maoni yangu naandika kwenye karatasi, nakala mbili, wodi mstari wa kwanza kabisa kabla ya salamu, napeleka mwenyewe ofisini na sitoki mpaka zigongwe muhuri. Nikiombwa kufungua kikao kwa maombi nasema nina mafua. Mimi na Mungu tunaonana nyumbani, mlango umefungwa, na karani hayupo.