Mfumo Usioona Rangi

Pale gesti yetu ya Kibaoni zamu zilipangwa kwa rangi, na mpakaji nilikuwa mimi, mpokea wageni. Kwenye jedwali la kompyuta jina la mtu lilibaki palepale hata asipokuwepo. Mtu akipewa ruhusa, ninapaka kisanduku chake. Kijani, yuko bondeni anavuna mpunga. Njano, yuko msibani. Pinki, sherehe. Ukiona rangi, unajua kuna mwenzake anamshikia zamu. Hata mlinzi, anayeiogopa kompyuta kama nyoka, alikuwa anachungulia tu na kuondoka ameelewa.

Ndipo akaja meneja mpya na mfumo wake wa zamu wa kwenye simu. Nikamwambia, "Bosi, rangi zitapotea."

"Rangi ni mapambo tu, dada."

Mapambo! Akalipakia jedwali kwenye mfumo, akasugua viganja. "Limeingia lote!"

Yaliingia majina. Rangi zilibaki nje. Jioni ileile simu ya mpishi wetu ikalia: Jumamosi, zamu yako, asubuhi mpaka jioni. Na Jumamosi hiyohiyo alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, Mahenge. Binti aliyemlea peke yake kwa sufuria zilezile za gesti. Kisanduku chake nilikuwa nimeshakipaka pinki.

"Mwanangu, tulishakubaliana," mama mpishi akamwambia meneja.

"Mama, sijakupanga mimi, ni mfumo. Tafuta mtu asiye na zamu."

Mhudumu wa mezani ndiye aliyekuwa amekubali kumshikia, lakini mfumo ulishamweka mezani siku hiyo. Mpishi msaidizi yuko bondeni, mtandao hakuna. Mama akaketi juu ya gunia la mchele, akalia. Yesu na Maria, nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto!

Sasa, nywila ya mfumo meneja alikuwa amenipa mimi niingize majina, maana yeye kuchapa anaona uvivu. Nikatafuta asiye na zamu Jumamosi. Gesti nzima alikuwa mmoja tu, kwa sababu hakujiandika. Nikamwandika mahali pa mama: meneja, mpishi. Mfumo ukapokea bila hata kuuliza kama anajua kupika.

Jumamosi asubuhi akanijia mapokezi na simu mkononi, macho yamemtoka. "Nani kanipanga jikoni?"

"Mfumo, bosi."

Wageni walishaanza kuulizia chai, na mama alishavuka daraja la kwenda Mahenge tangu jana yake. Angefanyaje? Akaingia jikoni.

Mchana mama akapiga simu. Vigelegele vilikuwa vikali mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "Nimemsindikiza mwenyewe mpaka altareni!" akasema huku analia. "Mwenyewe, mwanangu!" Nami nikalia palepale mapokezi mbele ya wageni, wala sikuona aibu.

Meneja akatokeza kichwa mlango wa jikoni, aproni ya mama kifuani, moshi nyuma yake. "Ni mama huyo? Anasemaje?"

"Anauliza, chumvi umetia?"

Akageuka mbio.