Gobusata, Salamu ya Aliyepotea

Juzi nilipita Berea, kwenye jengo tulilokulia, nikapanda hadi juu ya paa. Kamba za kuanikia nguo hazipo tena, wameweka paneli za sola. Nikasimama pale kama mjinga, nikamkumbuka jirani yetu Mjapani.

Wewe uliyekulia fleti unajua: wanawake walikutana wakianika. Harufu ya sabuni ya mche, upepo, shuka zikipiga kofi. Wakati ule mama na mdogo wake walikuwa hawatembeleani. Walikosania nini sikuambiwa, na sitaki kumlaumu yeyote. Mama mdogo alikaa Sydenham, karibu tu, nami niliyakosa maandazi yake. Lakini mama aliuogopa mlango ule. Kwetu aliyepotea akifika husomewa mashtaka: "Umetutupa! Njia ulisahau?" Naye hujitetea: kazi, watoto, mvua. Mama alijua wakianza hivyo watagombana upya.

Siku moja wakianika, jirani akamwambia kwao kuna neno la heshima, gobusata. Kama nilielewa vizuri, ni kusema: nimekaa muda mrefu bila kukujulia hali. Huambiwa mtu unayemheshimu, si rafiki wa kila siku. Anayefika hulitanguliza mwenyewe, bila kutafuta visingizio.

"Hata kama mimi ndiye mkubwa?" mama akauliza. "Na yeye pia alinyamaza!"

"Sema kimya chako tu. Chake atakisema mwenyewe."

Jumapili tukaenda. Mama mdogo akafungua, mikono kiunoni, mdomo tayari. Mama akamuwahi: "Mdogo wangu, nimekaa kimya sana. Nimekuja."

"Eish, dada! Sasa nitagomba na nani? Maneno yangu yote umeyameza." Akacheka, halafu akajifuta macho kwa kitenge. "Na mimi nilinyamaza. Ingieni, chakula iko."

Nisimpe jirani sifa zote. Sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, siku ile ilikuwa kubwa kuliko nyumba. Labda mama mdogo naye alishachoka kungoja.

Sasa yeye yuko Kanada, na jirani alihamia sijui wapi. Siku hizi mtu akipotea anatuma picha ya maua kwenye simu, yamekwisha. Si vibaya, hata mimi hutuma. Ila hakuna tena anayesimama nje ya mlango akitafuta sentensi ya kwanza, huku ndani mwenzake akipunguza redio, asikilize kama nyayo zile anazijua.