Magurudumu ya Nyuma Hayakuzunguka

Mume wangu alipoachishwa kazi kwenye ghala moja la Shimanzi, maneno yalimkauka. Salamu aliitikia, msikitini alikwenda, lakini soga zetu za miaka yote, za kucheka mpaka majirani wa ng'ambo ya kichochoro wakatugongea dirisha, zilikatika. Alishinda chumbani juu, simu usoni, akitazama watu waliolala mahemani porini na kupika chai kando ya mito.

Asubuhi moja akaniambia, "Na sisi twende tukaishi hivyo, hata siku mbili mbili. Humu ndani nashindwa kuvuta pumzi."

Nilikuwa tayari kwa lolote. Gari tulilichagua pamoja, kwa kiinua mgongo chake chote: jipya, refu, matairi manene, hema juu ya paa. Muuzaji alituapia kwamba hakuna njia itakayolishinda. Vichochoro vya kwetu Mji wa Kale vililishinda siku ile ile. Tulikwaruza ukuta wa watu, ikabidi tukaliweke kwa dada yangu anayekaa Tononoka. Mume wangu alicheka. Nilimsikia kwa masikio yangu akicheka, nikamshukuru Mungu.

Safari ya kwanza tulielekea bara, upande wa Kinango. Tuliacha lami, tukafuata njia ya ng'ombe hadi kwenye mto mkavu. Akaingia mchangani kwa bashasha. Katikati gari likagoma. Alipokanyaga mafuta, magurudumu ya mbele yalizidi kujichimbia. Ya nyuma yametulia tuli.

"Shuka utazame nyuma."

"Hayazunguki."

"Hebu tazama vizuri!"

"Bwana, hayazunguki kabisa."

Akampigia muuzaji.

"Mzee, hilo nguvu zake ni za mbele tu," sauti ilisema. "Umbo ndilo la porini."

"Si ulisema hakuna njia itakayolishinda?"

"Njia, mzee. Huo ni mto."

Mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi juu ya vilima. Mito ile hujaa ghafla, hata mvua ikinyesha mbali. Mume wangu alichimba kwa sufuria tuliyoileta ya kupikia, kisha kwa mikono, mpaka kucha zikatoka damu. Nilimsihi tuliache gari, tupande ukingoni.

"Siondoki," alisema. "Nikiliacha hili, nabaki na nini?"

Nilitaka kumwambia, unabaki na mimi. Alikaa mchangani akalia kwa kwikwi, na nilipomkumbatia alikuwa kama gogo.

Tuliokolewa na mama mmoja aliyekuwa akirudi shambani na maksai wake wawili. Alifunga kamba, akawachapa wanyama, gari likatoka huku matone ya kwanza yakianguka.

"Poleni. Hili ni gari la nini?" aliuliza.

"La matembezi," nikajibu.

Tuliporudi mjini tukajaribu kulirudisha gari. Muuzaji alikataa kulipokea tena. Mume wangu hata zile picha za mahema hazitazami siku hizi. Jioni nikimwomba twende japo Ngome ya Yesu tukapunge upepo, hugeukia ukutani.

Jana nilimwambia anigombeze, anitukane hata, mradi niisikie sauti yake.

"Nenda kapumzike, mke wangu," akanijibu kwa upole.

Nikashuka ngazi, nikakaa jikoni, nisijue nimwite nani.