Kiapo Changu na Kadi ya Kuzamia

Meli za watalii zinapotia nanga mbele ya mji, mke wangu ni mmoja wa wanaowapokea wageni gatini. Ameifanya kazi hiyo tangu watoto wetu walipohama nyumbani, na anaifanya vizuri kuliko nilivyotarajia, pengine kuliko nilivyotaka. Anawapitisha vichochoroni, anawaonesha milango ya nakshi, anawahadithia masultani ambao kwa maelezo yake walikuwa na wake wengi na akili ya kutosha mmoja tu. Mimi nilikuwa karani wa bandari hadi nilipostaafu. Siku hizi kazi yangu ni kukaa barazani na kutoa maoni.

Msimu mmoja, si zamani, kampuni ya meli ikaja na jambo jipya. Abiria wanaopenda watapelekwa kwa boti kwenye matumbawe, wavae mitungi ya hewa, washuke chini kutazama samaki. Lakini si kila abiria. Anayeshuka lazima awe na kadi ya mzamiaji, yaani awe ameshasoma darasani, ameogelea mbele ya mwalimu, ameshuka baharini na amepanda juu akiwa hai. Aliyezamia mara ya mwisho miaka mingi nyuma hakubaliwi mpaka arudie somo. Mwenye pumu au presha alete barua ya daktari. Na mwenyeji atakayefuatana nao chini naye awe na kadi hiyohiyo, la sivyo abaki gatini na miavuli yake.

Niliposikia masharti hayo nilicheka sana. Mimi nilipooa sikutakiwa kuonesha kadi yoyote, na shehe aliyetufungisha ndoa alikuwa na haraka ya kwenda kwenye harusi nyingine.

Mke wangu hakucheka. Wakala wa kampuni hiyo hapa mjini alikuwa ameshamwambia kwamba wageni wengi wanaozamia ni wanawake, na wanapendelea kufuatana na mwanamke mwenzao. Nafasi ni yake kama atapata kadi kabla ya meli ya kwanza ya msimu. Asipoipata, nafasi atapewa mwanamme mmoja kutoka Bara. Alinieleza yote hayo wakati wa chakula cha mchana, huku akichambua miba ya samaki changu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya vitunguu. Nilijua hapo hapo kwamba anaitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote alichonieleza kwa miaka mingi.

Lazima niseme kwamba mke wangu alikuwa hajui kuogelea. Amezaliwa Mji Mkongwe, katika nyumba ya Waarabu wa zamani waliokuwa na mashamba, ambao baada ya mashamba kwenda zao walibakia na heshima tu, wakaitunza kwa bidii. Nyumba yao ilikuwa na madirisha matano ya kutazamia bahari na katazo moja la kuigusa. Wavulana tulijirusha majini kutoka ukuta wa Forodhani mchana kutwa. Wasichana wa nyumba ile walituona kwa mbali, wakapigiwa kelele wafunge dirisha.

Kwa bahati mbaya siku ile ya changu dada yangu alikuwa amekuja kutembea. Dada yangu hana tabia ya kukataza jambo. Yeye huuliza tu. Aliuliza mwalimu wa kuzamia ni mwanamme au mwanamke. Mwanamme. Akauliza huko chini, mtu akiingiwa na hofu, nani humshika mkono. Kisha akanitazama mimi, na macho yake hayakuniachia nafasi ya kumeza tonge.

Nikaapa. Nilisema, "Wallahi, mke wangu hazami baharini bila ya mimi kuwa ubavuni mwake." Dada yangu akaridhika na akaongeza mchuzi. Mke wangu akaweka mwiba pembeni mwa sahani, akanawa vidole, akasema, "Basi jiandikishe na wewe."

Ndivyo nilivyojikuta, mtu mwenye pensheni na wajukuu, nimesimama kando ya bwawa la hoteli moja nje ya mji nikiwa nimevaa nguo ya mpira iliyohitaji watu wawili kunivisha. Mke wangu alivaa vazi la kufunika mwili mzima alilolishonesha Darajani, na alionekana mtulivu. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Bwejuu, mwenye adabu zake. Kila asubuhi alitupa shikamoo, akangoja marahaba yake, kisha akaanza kuniamrisha kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Mimi kuogelea nilijua, kwa namna yetu ya Forodhani: kichwa juu, macho huku na huku, mtu asije akapitwa na jambo. Mwalimu alisema namna hiyo inachosha lakini haikatazwi. Mke wangu alianza na kushika ukingo. Alikunywa maji ya bwawa, akakohoa, akaomba apumzike, akarudi. Nilimpa ushauri mwingi kutoka juu. Wiki za mwanzo alinijibu, baadaye akawa anatia kichwa ndani ya maji kila ninapofungua mdomo, na mwalimu akasema anaendelea vizuri.

Kanuni moja ya kuzamia ilinifurahisha. Kila mzamiaji lazima awe na mwenziwe. Kabla ya kushuka unamkagua mwenzio mikanda na hewa, na chini hamwachani. Tulifundishwa kwamba mimi nikae upande wake wa kulia, na kila baada ya muda mfupi ageuke kunitazama, nami nimtazame. Nikaona wazungu hatimaye wametunga sheria inayofanana na kiapo changu. Nilimweleza mwalimu hivyo. Akanijibu kuwa sheria hiyo inamhusu pia mke wangu kunichunga mimi, jambo ambalo nililiona si la lazima.

Ishara za mikono ndizo zilizonikera. Mtu akifika juu ya maji na mambo yake mazuri, anatakiwa aweke mkono kichwani ili walio botini wajue ni salama. Nikamwambia mwalimu kwamba kwetu sisi mtu haweki mkono kichwani ila amefiwa. Akasema wanaokusudia msiba huweka mikono miwili, hii ni mmoja. Nikamwambia marehemu mama yangu angenizaba kofi kwa wowote.

Haya yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni upande wa kina kirefu. Kila niliposhuka, sikio langu la kushoto liliuma kama limechomwa sindano. Mwalimu alinionesha namna ya kubana pua na kupuliza. Nikabana, nikapuliza, sikio likazidi. Mke wangu alikuwa chini kabisa amepiga magoti, ananingoja, na mimi nikawa napanda na kushuka juu yake. Nililaumu miwani, nikalaumu dawa ya bwawa, nikakaribia kuilaumu Bwejuu nzima. Mwalimu kwa adabu akaniomba nikamwone daktari.

Daktari wangu ni Muhindi wa mtaa wa pili, na baba yake alimtibu baba yangu. Akachungulia sikioni muda mrefu, akasema kiwambo kina tundu, la utotoni bila shaka, na kuzamia nisahau. Nilibishana naye. Nilimwambia sikio hilihili limesikia adhana maisha yangu yote bila kukosea. Akasema litaendelea kuisikia, nchi kavu.

Kwa hiyo hali ikawa hivi. Mke wangu amebakiza mazoezi ya baharini tu apate kadi. Meli inakaribia. Mimi siwezi kuzamia hata kwenye pipa, na nimeapa kwa Mungu, mbele ya dada yangu, kwamba hazami bila ya mimi.

Nilingoja aje kunibembeleza. Nilikuwa nimeshaandaa maneno: kwanza ningekataa, kisha ningefikiri, kisha ningeona. Hakuja. Alisema neno moja tu, "Umeapa," akalikunja lile vazi lake na kulitia sandukuni. Akaendelea kupika, akaendelea kunikaribisha chai, akawa mpole kuliko kawaida. Wanaomjua mke wangu wanajua kwamba ukali wake si kitu, upole wake ndio wa kuogopwa.

Siku moja niliingia jikoni bila kubisha hodi. Nilimkuta ameinamia beseni la maji, uso mzima umo ndani, mikono imeshika ukingo. Hakunisikia. Nilisimama pale mpaka pumzi yangu mwenyewe ikanibana. Aliinua kichwa, akajifuta uso kwa mtandio, akaniona, akachukua ungo na kuanza kupepeta mchele. Niliona haya ambayo sikuwahi kuona tangu nilipokuwa mtoto, na nilirudi barazani nikiwa sina maoni.

Alasiri ile nilimfuata shehe msikitini. Nilimweleza kuna rafiki yangu mmoja aliyeapa jambo kwa hasira, na sasa anaona heri iko kwengine. Shehe akasema rafiki huyo aifuate heri na akitolee kafara kiapo chake: alishe masikini kumi, au awavishe. Akiwa hana uwezo, afunge siku tatu.

Nikasema rafiki yangu atafunga. Kufunga ni jambo zuri, la siri, baina ya mtu na Mola wake. Shehe akaniuliza kama rafiki huyo anapokea pensheni. Nikakubali kwamba anapokea. "Basi atalisha," akasema. "Na mwambie nyama isiwe mifupa mitupu."

Asiyekaa mtaani kwetu hawezi kujua uzito wa hukumu hiyo. Ukilisha watu hamsini, watasema una hitima ya marehemu. Ukilisha ishirini, una shukurani. Ukilisha watu kumi kamili, hata mtoto mdogo anajua kwamba mwenye nyumba aliapa na sasa anarudi nyuma. Tena hao kumi nitawapata wapi? Mji Mkongwe hapana mtu atakayekubali kwamba yeye ni masikini. Wote wana hali ngumu kidogo, kwa muda, tangu Mapinduzi.

Nilimwambia mke wangu kwamba nina sadaka ndogo. Akauliza watu wangapi. Nikasema kumi. Akanitazama, kisha akageukia kabati la viungo. "Basi nunua nyama ya kutosha," akasema.

Aliipika pilau ile mwenyewe, na sijapata kula pilau kama ile hata siku ya harusi yetu. Niliwaalika wachukuzi wa sokoni na vikongwe wawili wa uchochoro wa nyuma, watu ambao nilikuwa na hakika nao. Lakini harufu haina adabu. Jirani zangu wenye maduka wakaja kuniamkia mmoja baada ya mwengine, na wakakaa. Mmoja wao, sinia limeshafika mbele yake, aliniuliza kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, "Sheikh, kwani uliapa nini?" Nikamwambia ale kwanza. Dada yangu hakualikwa lakini alipata habari kabla masinia hayajaoshwa. Alininunia miezi kadhaa, na nyumba ikawa na utulivu.

Mke wangu akaenda baharini na mwalimu na wanafunzi wengine, akafanya mazoezi yake yote, akapata kadi. Ina picha yake amevaa mtandio, ametabasamu kidogo tu, kama anayejizuia.

Siku ya meli ya kwanza niliruhusiwa kupanda botini kulinda viatu vya wageni. Mke wangu aliwapanga na kukagua kadi zao mmoja mmoja. Bwana mmoja mnene alikuwa na kadi iliyochakaa, na alipoulizwa mara ya mwisho kuzamia alitaja mwaka ambao mke wangu alikuwa bado ananyonyesha. Alibishana, akasema amezamia bahari zote za dunia. Mke wangu akamsikiliza mpaka akamaliza, akamrudishia kadi yake na kumwonesha pa kukaa, ambapo palikuwa ubavuni mwangu. Mke wa yule bwana akaenda na mke wangu. Wakaanguka nyuma-nyuma majini pamoja na wenzao, wakapotea.

Yule bwana akaniuliza kama nami nazamia. Nikamwonesha sikio. Akatikisa kichwa kwa huruma, na nadhani alifarijika. Tukakaa waume wawili na viatu vya wake zetu miguuni, tunatazama mapovu. Niliogopa. Sitasema nilikuwa na wasiwasi, niliogopa hasa, nikasoma kila dua ninayoijua, hata ile ya kuanza safari ambayo wakati wake ulikuwa umepita.

Walipopanda, aliwahesabu wageni kwanza, akawavua mitungi, akawapa chai. Kisha ndipo akaja kukaa karibu nami, maji yanamchuruzika kwenye mtandio.

"Kule chini nligeuka kulia kukutafuta," akaniambia. "Nshazoea."

"Ikawaje?"

"Sikukuona." Akaukamua mtandio wake taratibu mpaka tone la mwisho. "Nkaona raha."

Yule bwana mnene aliinama akaniuliza kwa Kiingereza mke wangu anasema nini, nikamwambia anasema samaki ni wengi. Kisha nikampa mke wangu viatu vyake, nikamuuliza meli nyingine inakuja lini.